Chombo Kisichojua Kimo

Kosa ninalokusudia kulieleza ni langu, nami nalitaja mwanzoni ili msomaji asilitafute kwa mwingine. Ni kosa la kuyavua maneno ya mtu shaka ambayo mwenyewe aliyavika. Mtu aliyetumwa kufikisha neno la mwenye shaka, akalifikisha likiwa yakini, hajaongopa kwa namna ambayo hakimu anaweza kumtia hatiani. Hakubuni kitu. Amepunguza tu maneno mawili matatu yaliyoonekana kuwa ya ziada: "labda", "huenda", "nisingependa kusema zaidi". Mimi niliyapunguza maneno hayo siku moja ya Jumatano, kando ya Ziwa Chala, na kabla jua halijazama watu wanane walikuwa wamechimba kaburi.

Miaka hiyo nilifundisha fizikia katika mojawapo ya sekondari za binafsi zilizochipuka Moshi baada ya nchi kufungua milango ya biashara. Kwangu ni Machame; nilikuwa nikishuka mjini Jumatatu na kupanda Ijumaa. Huko juu watu walikuwa wanang'oa mibuni na kupanda nyanya, na vijana ambao baba zao walisubiri msimu wa kahawa wao walisubiri lori la kwenda mnada wa Tarakea, mpakani. Nilikuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa pia, kijijini kwetu, mtu wa kuwasomea watu barua za Kiingereza: za hospitali, za shule, za mtoto aliyeko ng'ambo. Zamani niliwasomea watu kilichoandikwa. Baadaye, bila kutambua ni lini, nilianza kuwaeleza kile nilichoona inafaa wakisikie. Walinishukuru vilevile, nami nikaamini kwamba huo ndio usomi.

Jirani yangu, mzee aliyepakana nami kwa mfereji mmoja wa maji, alikuwa na mwana wa pili aliyefanya biashara ya maharage. Jumamosi moja kijana huyo alitoka mnadani Tarakea na wenzake, wakapita Chala kuoga. Ziwa lile limekaa ndani ya shimo la volkano ya kale. Kuta zake zinateremka kama ukuta wa nyumba, na zinaendelea kuteremka hivyo hivyo ndani ya maji. Alipiga mbizi mara mbili kwa mzaha, akiwa na nguo zake na viatu. Ya tatu hakuibuka. Wavuvi wa pale walimtafuta kwa kulabu siku tatu, wakapata nyavu zao wenyewe za zamani.

Ilitokea kwamba kulikuwa na watafiti waliopiga kambi ukingoni, wakichunguza tope la chini ya ziwa. Fundi wao, mzungu mwembamba mwenye maneno machache, alikuwa na chombo kidogo cha kuzama, kisichobeba mtu, kilichoongozwa kutoka juu kwa waya mrefu. Alikubali kukitumia kumtafuta marehemu hadi Ijumaa mchana, siku ambayo kambi ingevunjwa. Mzee aliniomba niende kutafsiri. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa, nikaenda na kaka yake marehemu, ambaye alikuwa dereva wa lori.

Nakiri kwamba nilikifurahia chombo kile kuliko ilivyompasa mtu aliyekwenda kutafuta maiti. Maji ya kina yana giza, na taa haifiki mbali. Kwa hiyo mbele ya chombo palifungwa kifaa kinachoona kwa sauti, mafundi wanakiita sona. Fundi alinieleza kwamba cha zamani alichokuwa nacho kilikuwa na mwale mmoja wa sauti, uliozunguka polepole mithili ya mtu anayepapasa ukuta gizani kwa fimbo moja. Chombo kikisogea kabla mwale haujamaliza mzunguko, picha inakatika vipande. Hiki kipya kilikuwa na mamia ya miale, imepangwa kama vijiti vya feni ya mkono, yote ikisikiliza kwa wakati mmoja. Picha ilijichora upya mara nyingi katika sekunde moja, hata samaki waliopita waliweza kufuatwa kwa macho. Kwenye kioo tuliona mawe, matuta ya tope, na nyuma ya kila jiwe kivuli chake cheusi, mahali ambapo sauti haikufika.

"Ni hatua kubwa," fundi alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Lakini kumbuka jambo moja. Kinajua kitu kiko umbali gani na kiko upande gani. Hakijui kiko juu kiasi gani. Kila mwale wake ni mwembamba ukiutazama kutoka juu, ila ni mnene ukiutazama kutoka ubavuni. Vyote vilivyomo katika unene ule vinalazwa kwenye picha kana kwamba viko sakafuni."

Nilielewa vizuri sana. Ningeweza kulifundisha jambo lile kidato cha tatu siku iliyofuata.

"Amesemaje, Mwalimu?" kaka wa marehemu aliuliza.

"Anaeleza mambo ya mashine," nikamjibu. "Inaona mbali."

Jumatano adhuhuri, chini ya ukuta wa upande wa magharibi, kioo kilionyesha alama nyeupe ndefu, urefu wa mtu, na kivuli. Fundi aliirudisha picha nyuma, akaitazama tena, akavua miwani na kuifuta.

"Inawezekana," alisema. "Ukubwa unalingana. Nisingependa kusema zaidi mpaka tushuke na kamera, na leo betri zimekwisha. Tafadhali waulize wavuvi: ukutani pale, majini, kuna miti iliyozama?"

Wavuvi wawili walikuwa wameketi hatua kumi kutoka pale, wakishona nyavu. Niliwatazama. Mmoja hakuwa na viatu, mwingine alikuwa amelewa kidogo. Nilimgeukia fundi nikamwambia, "Hakuna." Nilijua kuta za volkano ni mwamba, na mti hauoti kwenye mwamba. Nililijua jambo hilo kutoka vitabuni.

Kisha nikamgeukia kaka wa marehemu, aliyekuwa amesimama siku mbili bila kukaa, nikamwambia, "Tumempata. Kesho asubuhi anatolewa."

Alipanda ukingoni mbio, akatafuta mahali penye mtandao, akapiga simu nyumbani. Nilimsikia akilia na kumshukuru Mungu katika sentensi moja. Niseme wazi kwamba sikuona vibaya wakati ule. Nilijiona nimewapa watu pumziko.

Alhamisi asubuhi chombo kiliteremshwa na kamera mpaka sakafuni, mahali penyewe hasa. Kulikuwa na tope laini, lisilo na alama hata ya jani. Kikazunguka saa nzima. "Hakuna kitu hapa," fundi alisema. "Labda walikuwa samaki waliokusanyika. Kama hakuna miti ukutani, sina maelezo mengine. Samahani sana." Safari hii nilitafsiri kila neno, kwa sababu safari hii maneno hayakunipa sifa yoyote.

Kaka wa marehemu hakunilaumu. Aliuliza tu, "Sasa lile shimo, Mwalimu?"

Ndipo nilipokumbuka kile ambacho mtu wa kwetu hapaswi kusahau. Katika ukoo ule, kaburi likishafunguliwa kihambani, ndani ya migomba ya ukoo, halikai tupu. Wanaamini kwamba shimo lililoitiwa mtu na lisipewe mtu, litamchukua mwingine wa nyumba ile. Likifunguliwa leo, kesho kutwa jua lisizame likiwa tupu. Asipopatikana wa kuzikwa, hukatwa shina la mgomba, likavishwa shuka, likazikwa kwa jina lake. Akishazikwa hivyo amezikwa. Hata mwili ukiibuka baada ya mwezi, haurudi kihambani. Unafukiwa ulikookotwa, kwa kuwa mtu mmoja hazikwi mara mbili. Neno langu moja lilikuwa limemchimbia kijana yule kaburi, na kaburi lile sasa lilikuwa linamfungia mlango wa kwao.

Tulifika Machame alasiri. Uwanja ulikuwa umejaa, maturubai yamefungwa, sufuria za kitawa, ndizi na maharage, zinachemka. Nilipita kwenye mfereji nikakata jani la sale, ambalo kwetu mkosaji hulishika anapokwenda kuomba msamaha, na hakuna anayeruhusiwa kulikataa. Nikamwendea mzee alipokaa na wazee wenzake, kando ya lundo la udongo mbichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alilitazama lile jani, hakunyoosha mkono. "Sale ni la ugomvi, Mwalimu. Mimi sina ugomvi na wewe. Mimi nina shimo."

Mzee mwingine, msemaji wa ukoo, mtu mwenye ulimi, akadakia: "Tuliambiwa mashine inaona mpaka chini ya ziwa. Kumbe mwenye kuiona mashine ndiye kipofu!" Wachache walicheka, kicheko cha msibani, kifupi. "Kesho kabla ya jua kuzama tutakata mgomba. Mchungaji akitaka aombe, asipotaka anyamaze."

Mchungaji wetu alikuwepo. Alisema kwamba Mungu hafungwi na shimo. Msemaji wa ukoo akamjibu, kwa heshima, kwamba Mungu hafungwi, lakini wenye nyumba wanalala pale pale.

Ndipo mama wa marehemu alipotoka ndani. Wanawake walijaribu kumshika, akawatoa mikono. Alisimama mbele ya wazee, jambo ambalo sijaona mwanamke wa nyumba ile akilifanya kabla yake.

"Nani anakata mgomba?"

Akaigeukia migomba, akainyooshea mkono.

"Migomba ninayo, nimeipanda mimi, najua idadi yake. Mimi nilizaa mtu. Sikuzaa mgomba."

Akarudi ndani. Yule msemaji wa ukoo aliinama akaanza kukwangua udongo kwenye kiatu chake kwa kijiti. Mimi nilikuwa bado nimeshika jani.

Niliondoka uwanjani nikaenda nyuma ya jiko, si kwa sababu ya busara, bali kwa sababu sikuweza kusimama mbele ya watu. Hapo alinikuta dada wa mzee, shangazi wa marehemu. Alikuwa muuguzi katika hospitali moja mjini, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, anayevaa saa yake kifuani. Kazi yake kwa miaka kadhaa ilikuwa kusaidia chumba cha ultrasaundi, wanakopimwa wajawazito. Nilikuwa nimemfahamu miaka mingi na sikuwahi kumuuliza jambo lolote la maana.

"Mwalimu, weka hilo jani chini, linakunyima mikono," alisema. "Nieleze. Yule mzungu alisemaje?"

"Alisema ni yeye, halafu leo..."

"Sikukuuliza ulichosema wewe. Alisemaje yeye? Neno kwa neno. Hata yale ya kijinga."

Ilinichukua muda. Ni vigumu kuyarudisha maneno ambayo umekwisha kuyatupa. Nikayaokota moja moja: inawezekana; ukubwa unalingana; nisingependa kusema zaidi. Nikaendelea kurudi nyuma mpaka nikafika kwenye feni, na kwenye umbali, na kwenye upande. Nikasema, "Na alisema chombo hakijui kimo."

"Hakijui nini?"

"Kimo. Kitu kinaweza kuwa juu, picha ikakilaza chini."

Shangazi alininyooshea kiganja chake kikiwa wima, kisha akakilaza. "Mwalimu, mimi ndiyo kazi yangu. Ninaposhika kile kishikizo tumboni kwa mama, hivi, naona kipande kimoja, vyote vimebanana humo. Mkono wa mtoto unaonekana kana kwamba umeota kichwani. Unadhani tunafanyaje? Tunaandika kwamba mtoto ana mkono kichwani? Tunageuza mkono. Unageuza hivi, unatazama tena kwa upande wa pili." Akanitazama. "Mlikigeuza?"

"Hatukukigeuza."

"Na aliuliza jambo lolote ambalo hukumjibu?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. "Aliuliza kama kuna miti ukutani. Nilimjibu."

"Nani alikuambia jibu?"

Alitikisa kichwa, si kwa hasira, bali kwa uchovu wa mtu aliyeona makosa mengi ya waliosoma. "Kesho saa kumi na moja alfajiri uwe barabarani. Nakuja na wewe. Na ukiongeza neno nitakufinya mbele ya mzungu wako."

Ijumaa tulifika ziwani sisi watatu, pamoja na kaka wa marehemu, watafiti wakiwa wanafunga mizigo. Shangazi hakumwendea fundi. Aliteremka moja kwa moja kwa wavuvi, wale wale wawili.

"Habari za asubuhi, wanangu. Pale ukutani, ndani ya maji, kuna mti?"

"Upo, mama," alijibu yule asiye na viatu, bila hata kuinua macho kwenye wavu. "Mkuyu. Uliporomoka na udongo wake mvua zile kubwa, ukakwama kwenye ukingo wa jiwe. Nyavu zetu ngapi zimebaki pale!"

"Mbona hamkusema?"

"Nani alituuliza?"

Nilimweleza fundi. Nilimweleza pia kwamba Jumatano nilimjibu kwa kichwa changu. Uso wake ulibadilika rangi, na kwa muda nilifikiri ataondoka. Angekuwa na haki. Aliuliza tu, "Mama huyu ni nani?" Nikamwambia. Akamuuliza mashine yao ya hospitali ni ya aina gani, naye akamjibu, na kwa dakika chache watu wale wawili walizungumza kupitia mimi juu ya miale na vivuli, na mimi nikawa kile nilichotakiwa kuwa tangu mwanzo, yaani bomba la kupitisha maneno.

"Mwambie akigeuze," Shangazi alisema, akilaza na kusimamisha kiganja.

Fundi alikwisha kuchukua spana. Aliifungua sona kutoka kwenye mabano yake, skrubu nne, akaifunga tena ikiwa imelala ubavu, ili feni ya miale isimame wima na kuupima ukuta kutoka chini kwenda juu. Chombo kikazama. Kwenye kioo, sakafu ilikuwa mstari mtupu. Ukuta ulipanda. Na huko juu, mbali kabisa na mahali tulipopekua Alhamisi, palitokeza ukingo wa jiwe, matawi, na katikati ya matawi ile alama nyeupe.

"Amesemaje?" kaka wa marehemu aliuliza.

"Anasema inaweza kuwa tawi nene," nikatafsiri. "Anasema asingependa tutumaini sana kabla ya kamera. Anasema matumaini ni nusu kwa nusu."

Maneno yale yalimuumiza kaka wa marehemu, nami nilimwona yakimuumiza, na niliyaacha yamuumize, maana yalikuwa yake.

Kamera ilionyesha kwanza nyavu, kisha kiatu, kisha shati la mistari. Kaka wa marehemu aliketi chini, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mkono mdogo wa chuma wa kile chombo ulishika mkanda wa suruali, wavuvi wakashusha kamba kuufuata waya, na kabla ya adhuhuri walimpandisha wao, taratibu, wakiitana kwa sauti za chini. Shangazi alivua kanga yake akamfunika kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kumtazama. Polisi na daktari walipomaliza kazi yao, tulipanda naye Machame.

Jua lilikuwa bado juu ya migomba tulipomzika. Mama yake aliketi karibu na udongo, akiwa na kipande cha ule mkanda mkononi. Hakumtazama mtu.

Kwetu, kabla watu hawajaruhusiwa kuondoka, familia hutoa neno la shukrani kwa mdomo wa mtu mmoja. Nilidhani watamteua yule msemaji wa ukoo. Mzee alininyooshea kidole.

"Utasema wewe, Mwalimu. Na usiongeze."

Nilisimama. Niliwashukuru wavuvi, ambao walikuwa wamekuja na lori na sasa walisimama nyuma, mmoja akiwa na viatu vya kuazima. Nilimshukuru fundi. Nilijua watu wanangoja niisifu mashine, kwa kuwa tangu mchana kijiji kizima kilikuwa kikisimulia jinsi mashine ya wazungu ilivyompata marehemu. Nikasema kwamba mashine ilimwona tangu Jumatano, ikafanya yote iliyoweza, na mwenye mashine akasema kweli tupu. Kwamba aliyempoteza marehemu mara ya pili ni mimi, niliyemjibia mvuvi na kumpunguzia fundi maneno. Na kwamba tungekuwa tumezika mgomba jioni ile kama mtu mmoja asingeuliza nini hasa kilisemwa. Sikusamehewa siku ile, na sikuomba. Nililitaja jina la mtu huyo lote, la ubatizo, la ukoo wa baba yake na la mume wake, kama anavyotajwa mtu anayeheshimiwa. Katika kurasa hizi sitaji jina la mtu, ila naandika lile moja ambalo uwanja mzima ulimwita baada yangu, wazee na mchungaji wakiwemo: Shangazi.